Niliwafundisha Mazoezi Huku Kizazi Changu Kimeshuka

Wenzangu, mimi naitwa Yusta, Mama Faraja, fundi cherehani wa hapa Makambako. Wengi mnanijua kwa magauni, na wengine mnanijua kwa ukali wa mdomo wangu mteja anapofuata nguo kabla ya siku yake. Leo nesi ameniomba niseme na ninyi mliojifungua karibuni, na nilikubali hata hajamaliza kuomba. Nitataja sehemu za mwili kama zilivyo. Anayeona haya na ainamishe kichwa, masikio ayaache wazi. Nikiwa na miaka ishirini na tatu, na mtoto mmoja tu mgongoni, niliambiwa nitolewe kizazi. Nataka mjue nilifikaje pale.

Kabla ya hapo nilikuwa mzima kabisa. Nimekulia kijijini kwetu, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Njombe mjini, kwenye baridi ile ya kupasua midomo. Nilibeba viazi, nilibeba kuni, nilikimbia kwenda kwaya na kurudi. Nilipoolewa na Baba Faraja, dereva wa Fuso la viazi, tukahamia Makambako, nikafungua kibanda cha cherehani karibu na sokoni. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila kitu kilikuwa kinashuka kutoka kwenye malori. Vitu ambavyo mama zetu walivisikia kwa jina tu, sisi tulivikanyaga sokoni. Baba Faraja naye hakutaka kupitwa. Alirudi safari moja ya Tunduma na televisheni na deki ya video, akaviweka sebuleni na kuvifunika kitambaa nilichodarizi mwenyewe. Majirani walikuja kutazama kitambaa tu, maana umeme siku hiyo haukuwepo.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Zuhura, mtu wa Tanga, Mwislamu, muuza mitumba. Alikuwa na umri wa mama yangu. Yeye alifungua mabelo, mimi nilipunguza na kubadilisha nguo zilizokuwa kubwa, tukaishi hivyo vizuri. Alinipenda kama bintiye, na mimi nilimwogopa kidogo, kama unavyomwogopa mtu anayekupenda kwa sauti kubwa.

Uzazi wa Faraja ulikuwa mgumu. Uchungu ulianza Ijumaa asubuhi, mtoto akatoka Jumamosi jioni, kilo nne na kitu. Nilichanika nikashonwa. Nakumbuka nilimuuliza mkunga ametumia mshono gani, akacheka, akasema, “Wewe fundi, lala.” Niliporudi nyumbani nilikuwa na tumbo lililolegea kama unga uliokandwa ukaachwa. Baba Faraja alilitazama, akasema kwa utani, “Kumbe mwingine bado yumo?” Alicheka yeye peke yake. Mimi niliingia chumbani nikalia, nikachukua futi yangu ya kupimia nguo nikajizungusha kiunoni. Inchi thelathini na sita. Kabla ya mimba nilikuwa na ishirini na nane.

Mama Zuhura aliposikia alikuja na ndoo ya maji ya moto na kitambaa kirefu cheupe. “Mwanangu, hili si jambo la kulilia,” alisema. “Kwetu mzazi hukandwa, kisha hufungwa mkaja. Siku arobaini, unatoka kama mwali.” Mkaja, kwa asiyejua, ni kile kitambaa cha kufungia tumbo la mzazi. Alinikanda mpaka nikaona nyota, akanifunga. Kwao, nilikuja kujua baadaye, mkaja una kipimo chake, na mzazi amelala tu, anahudumiwa, hanyanyui hata sufuria. Lakini mimi ni fundi. Nilipoona futi imeshuka inchi mbili kwa wiki moja, nikawa najifunga mwenyewe, na kila siku nilikaza zaidi. Nilipitisha hata kipande cha mti nikakinyonga kama anayefunga turubai la lori. Nilikula nimesimama kwa sababu kukaa kulinibana.

Faraja alipofikisha wiki tatu, Mama Zuhura alikuta mkanda wa video ndani ya belo la nguo kutoka Ujerumani, umeviringishwa kwenye sweta. Kwenye boksi lake kulikuwa na picha ya mwanamke amelala chali, miguu juu, tumbo lake bapa kama meza. Limeandikwa Pilates kwa herufi kubwa, ndilo jina la mazoezi yale, na mengine hatukuelewa. Aliniletea akicheka. “Ona, mzungu huyu amezaa watoto wangapi na tumbo hili?” Hatukujua kama amezaa hata mmoja. Tuliamua tu kwamba amezaa.

Kila asubuhi, mtoto akilala, nilifunga mlango na mapazia, nikavaa taiti ya mtumba, nikatandika mkeka. Mkanda ulianza na muziki wa taratibu. Kisha yule mwanamke alisimama katikati ya chumba cheupe, akaacha kutabasamu, akasema maneno marefu. Aliyasema polepole, akinitazama machoni. Baada ya hapo alitabasamu tena, akalala chini, na mazoezi yakaanza. Kunyanyua kichwa na mabega. Kunyanyua miguu yote miwili na kuishusha bila kugusa chini. Kubana, kupumua, kubana. Mimi niliyafanya yote nikiwa na mkaja umenyongwa kiunoni, kwa sababu niliona dawa mbili zitafanya kazi haraka kuliko moja.

Wazungu huyafanya mazoezi yale polepole, mimi niliyafanya kama ninayekimbiza cherehani wiki ya Krismasi. Na kwa kuwa kila siku niliurudisha mkanda mwanzo, yale maneno yake niliyashika yote. Sikujua hata moja maana yake, lakini niliyaweza kwa sauti yake na mapumziko yake. Faraja alipolia nilimwimbia. Yalimtuliza kuliko nyimbo zetu za kanisani. Nakumbuka kuna mahali alisema kitu kama “nakh dea gebuti”, na hapo mtoto alikuwa akinitazama mdomoni na kucheka. Mpaka leo, nikikumbuka kicheko kile, ngozi inanisisimka.

Wiki ya sita kiuno kilifika inchi ishirini na tisa. Wiki ya saba, nikiwa nachuchumaa kufua nepi, nilihisi kitu kinashuka. Sikuhisi maumivu. Nilihisi uzito, kama mtu ameniwekea jiwe la kinu ndani ya nyonga halafu ameliachia. Niliingia chooni nikajigusa. Kulikuwa na uvimbe laini, wa mviringo, ukubwa wa yai la kuku, kwenye mlango wa uke. Nilitoa mkono haraka kama niliyegusa kaa la moto. Nilisimama pale nimeshika ukuta, nikajiambia kwamba ni mshono umevimba. Nilijiambia hivyo kwa miezi mitatu.

Nikilala chali, kinarudi ndani. Nikisimama kutwa, kinashuka. Nikikohoa, mkojo unatoka. Nikikanyaga cherehani kwa saa moja, mgongo unauma chini kabisa na ile nyama inasuguana na nguo mpaka inatoa majimaji yenye damu. Nilishona vitambaa vya kuvaa, nikavifua jioni na kuvianika chini ya kitanda ili mtu asivione. Baba Faraja aliporudi safari, nilimwambia bado sijapona. Aliniamini mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu alikaa kitandani muda mrefu amevaa viatu, akasema, “Yusta, kama kuna mtu mwingine, niambie.” Ningeweza kumwambia ukweli kwa maneno matano. Nilimgeuzia mgongo, nikajifanya nanyonyesha.

Sasa sikilizeni jambo ambalo linaniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Nje, watu waliona kiuno. Fundi Yusta amezaa juzi, tazama alivyo! Wateja waliongezeka. Wanawake walinisimamisha sokoni wananishika ubavu. Mama Zuhura alinitembeza kwa maneno kama bidhaa yake, akawa anasema, “Huyo nimemfunga mimi kwa mkono huu.” Wakaniomba niwafundishe. Kulikuwa na nafasi ya kusema hapana. Kulikuwa na nafasi kubwa tu, siku nzima, wiki nzima. Lakini nilikuwa napenda kusifiwa, na nilijua nikisema hapana wataniuliza kwa nini. Nikasema njooni.

Wakaja sita, saa nne asubuhi, waume wakiwa barabarani au dukani. Walikuja na mikeka, na magunia ya viazi yaliyokung'utwa, kila mmoja na kanga yake ya kufungia tumbo. Mama Zuhura aliwafunga mmoja mmoja mlangoni, kisha mimi niliwasha mkanda. Yule mwanamke aliacha kutabasamu, akasema maneno yake, na sisi tukayasema pamoja naye kwa sauti, tukicheka mpaka machozi. Umeme ulipokatika sikuona shida. Nilisimama mbele yao badala ya yule mzungu, nikaacha kutabasamu kama yeye, nikayasema maneno mimi mwenyewe, nao wakayaitikia. Kisha tukalala chini na kuanza. Nilikuwa nabana mapaja wasione kwamba kuna kitu kinatoka mwilini mwangu.

Wa mwisho kujiunga kati ya hao sita alikuwa Tausi. Alikuwa na miaka kumi na tisa hivi, mke wa utingo wa lori, wametoka Singida hawana ndugu hapa. Mtoto wake alikuwa na wiki mbili tu. Alikuwa mpole, mwenye bidii ya kutia huruma. Nikisema kumi, yeye alifanya kumi na tano. Siku moja, wenzake wamekwisha toka, alibaki akikunja mkeka wake pole pole, akaniuliza bila kunitazama, “Dada Yusta, nikimaliza mazoezi nasikia uzito huku chini. Kama kitu kinataka kutoka. Ni kawaida?”

Nilikuwa nimesimama mbele yake na kitambaa kimelowa. Nilijua anachokisema kuliko mtu yeyote Makambako nzima.

Nikamjibu, “Ni kawaida. Utazoea.”

Alishukuru. Aliniambia, “Ahsante dada, nilikuwa naogopa,” akambeba mtoto akaenda zake.

Kwa nini nilisema vile? Nimejiuliza mara nyingi nikiwa kwenye cherehani. Sikumchukia. Nadhani nilitaka tu maneno yale yawe kweli. Kama kwa Tausi ni kawaida, basi na kwangu ni kawaida.

Faraja alipofikisha miezi mitano nilianza homa. Uvimbe ulikuwa umekuwa mkubwa kama ngumi, haurudi ndani wenyewe mpaka niusukume kwa vidole, na ulikuwa na kidonda. Harufu ikaanza. Nilijinyunyizia manukato mpaka wateja wakapiga chafya. Mazoezi niliyaacha, nikawaambia wenzangu nina malaria. Mkanda nilimrudishia Mama Zuhura, waendelee kwake. Nikamuaga Baba Faraja kwamba nampeleka mtoto kwa bibi yake, nikapanda gari la Njombe nimekalia kanga iliyokunjwa mara nne.

Mama yangu si mtu wa maneno mengi. Alinipokea kwa “Kamwene”, salamu ya kwetu, nikaitikia, akamchukua mtoto. Siku ya pili alikuta vitambaa vyangu nyuma ya nyumba. Alikuja jikoni, akafunga mlango, akasema, “Vua.”

“Mama, ni mshono tu.”

“Nimesema vua, Yusta. Mimi ndiye niliyekuzaa.”

Nilivua nikalala kwenye ngozi karibu na moto. Alitazama. Hakupiga kelele. Alinifunika, akakaa chini kando yangu, na nikasikia analia taratibu. Ndipo na mimi nililia, kilio ambacho nilikuwa nimekiweka miezi yote ile. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kulitazama lile jambo na asikimbie.

Tulikwenda hospitali mjini. Daktari mmoja mtu mzima alinipima kwa upole, akanawa mikono, akasema, “Kizazi kimeshuka, na kina kidonda. Tutatibu kidonda kwanza, halafu ni kukitoa. Hakitakusumbua tena.”

“Nina mtoto mmoja, daktari.”

“Najua. Mshukuru Mungu kwa huyo mmoja.”

Hakusema kwa ubaya. Niliwaza Baba Faraja amekaa kitandani na viatu. Mama aliomba tupewe siku za kufikiri, tukapewa dawa ya kidonda. Kisha mama aliuliza kwa wanawake wenzake wa kanisani, mmoja wao akamwambia kuna hospitali ya misheni upande wa Makete, kuna mama wa Kijerumani anatibu viungo na wanawake waliozaa vibaya. Tulipanda lori la mbao kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu barabara. Kila shimo nililisikia kizazini. Mama alinishika kiuno njia nzima kwa mikono miwili, kama anayezuia chungu kisimwagike.

Yule mama wa Kijerumani alikuwa mrefu, mvi kichwani, Kiswahili chake cha taratibu na kamili kama cha Biblia. Wote walimwita Sista. Siku ile tulisubiri kwenye benchi la nje, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa, na Faraja akaanza kulia. Nikafanya nilichozoea kufanya. Nikamwimbia yale maneno.

Sista alikuwa anapita na beseni. Alisimama. Akageuka, akaja mbele yangu.

“Mama, umejifunza wapi maneno hayo?”

Nilidhani nimekosea, labda ni matusi. Nikamweleza juu ya mkanda, mwanamke wa chumba cheupe, mazoezi, mkaja. Niliona uso wake unabadilika. Akaweka beseni chini.

“Unajua maana yake?”

“Hapana, Sista.”

“Yaseme tena. Polepole.”

Nikayasema mpaka mwisho. Alisikiliza amefumba macho, kisha akaniambia kwa Kiswahili, kipande kwa kipande. Yule mwanamke alikuwa anasema hivi: kama umejifungua karibuni, usifanye mazoezi haya bado. Mwili wako wa ndani haujafunga. Mwone kwanza daktari au mkunga wako. Na wakati wowote ukisikia uzito au kitu kinashuka, acha mara moja. Pale mtoto alipokuwa akicheka, “nakh dea gebuti”, maana yake ni baada ya kujifungua.

Mama yangu alisema, “Mungu wangu.” Niliona sebule yangu. Niliona wanawake sita wameketi kwenye magunia, mimi mbele yao nimekaza uso, nawaonya, nao wananiitikia onyo langu neno kwa neno, kisha tunalala chini na kuanza. Mtu akisema ameandamwa na mizimu, mimi simcheki tena. Yangu inasema Kijerumani.

Sista alinipima. Aliniambia mambo ambayo nataka myashike. Alisema huenda mwili ulikwisha kuumia siku ile ya uchungu mrefu, kwa hiyo nisibebe lawama yote. Lakini tumbo likinyongwa kwa nje na kusukumwa kwa ndani, kitu kilicholegea kitaenda wapi? Kitashuka chini. Hakuwa na ubaya na mazoezi yale yenyewe. Ubaya ulikuwa wakati wake na namna nilivyoyafanya. Kisha nikamuuliza lile lililonileta. “Lazima kitolewe?”

“Sijui,” alisema. “Wewe bado kijana. Tujaribu njia ndefu kwanza. Ikishindikana, kisu hakikimbii.”

Njia ndefu ilikuwa hivi. Kidonda kilipokauka, aliniwekea ndani pete ya mpira ya kuzuia kizazi kisishuke. Ilinikera siku mbili, baadaye nikaisahau. Kisha akanilaza chali kwenye mkeka, magoti juu, bila mkaja, akaniwekea mkono tumboni. “Vuta pumzi. Ukiitoa, kaza huku chini kama anayezuia mkojo. Hesabu tano. Legeza. Kulegeza nako ni kazi.” Nikamuuliza mazoezi yanaanza lini. Akasema, “Ndiyo haya.” Nilitaka kucheka. Lakini siku ya kwanza sikuweza kuhesabu hata mbili. Nyama za ndani zilikuwa hazinisikii. Mimi niliyenyanyua miguu mara hamsini nilitoka jasho kwa kupumua tu.

Nilikaa pale wiki tano, kisha nikakaa kwa mama miezi mingine minne. Asubuhi, mchana, jioni, kwenye ngozi karibu na moto, napumua na kuhesabu. Mama alinikataza ndoo, akanikataza jembe, akawagombeza shangazi zangu waliosema nimekuwa malkia. Baba Faraja alikuja. Mama alimweleza yeye mwenyewe, nje, mimi nikiwa ndani nimejificha nyuma ya mlango kama mtoto. Aliingia, akasimama, akasema, “Kwa nini hukuniambia?” Nikasema niliona aibu. Akasema, “Na mimi nilikufikiria mabaya. Basi sote tumekosa.” Alifua vitambaa vyangu siku ile bila kuambiwa na mtu, na wanawake wa kijiji wakapita wanaangalia kama sinema.

Miezi hiyo ilipokwisha nilirudi kwa Sista, akaitoa pete, akanipima nimesimama, akaniambia nikohoe. Nilikohoa kwa hofu. Hakuna kilichoshuka. Akaniambia nikohoe tena kwa nguvu, nikakohoa, na kidogo nimbusu.

Nilirudi Makambako wiki iliyofuata, na kabla sijafungua kibanda nilikwenda kumtafuta Tausi. Chumba chao kilikuwa na wapangaji wengine. Waliniambia mumewe aliachishwa kwenye lile lori, wakahama. Wengine walisema Singida, wengine walisema Mbeya. Mama mmoja wa uani alisema, “Yule binti alikuwa hajiwezi siku za mwisho. Anatembea ameachanisha miguu. Tulimuuliza, akasema ni kawaida.”

Niliwaita wale wengine watano nikawaambia yote, na maana ya maneno tuliyokuwa tunayaimba. Hakuna aliyecheka. Wawili walibaki nyuma baada ya wenzao kutoka, kila mmoja akijifanya anatafuta kiatu. Walikuwa nalo tatizo lilelile. Niliwapeleka kwa Sista mimi mwenyewe, na wote wawili wanaendelea vizuri. Mama Zuhura alikasirika. “Bibi yangu alifungwa, mama yangu alifungwa, na mimi nimefungwa kwa watoto saba! Wewe umejinyonga kwa mti, leo mkaja ndio mbaya?” Na kwa hilo alikuwa na haki yake. Hatukusemezana miezi miwili. Kisha alikuja kibandani na kitambaa chake cheupe, akakiweka kwenye meza yangu, akasema, “Haya fundi, nionyeshe kipimo. Kikae vipi kisiumize.” Sasa anawafunga wazazi kwa kulegeza, vidole vinne vinapita, na anawafokea wakitaka kukaza.

Faraja leo yuko darasa la tano. Ana mdogo wake wa kiume, aliyezaliwa kwa uangalizi mkubwa, na kizazi changu bado ninacho. Namshukuru Mungu, namshukuru mama aliyefunga mlango wa jikoni, namshukuru Sista ambaye amekwisha rudi kwao. Lakini sitawadanganya kwamba nimerudi kama zamani. Nikipiga chafya hubana miguu kwanza. Nikinyanyua ndoo husimama kidogo na kusikiliza ndani, kama mtu aliyesikia hatua nje ya nyumba.

Ushauri wangu si mwingi. Pumzikeni, arobaini si uvivu. Tumbo litarudi kwa wakati wake, na lisiporudi lote, mimi nipo, nitakushonea gauni la kukaa vizuri. Ukitaka mazoezi, anza na pumzi, na muulize nesi kabla. Ukisikia uzito, ukivuja mkojo, ukigusa uvimbe, njoo siku hiyo hiyo. Usingoje harufu. Na mwenzako akikuuliza, hata kama na wewe unalo na unaona aibu, mwambie ukweli.

Ninyi mnaosafiri, mnaoozesha watoto Singida, mnaouza vitunguu Mbeya, nisaidieni. Anaitwa Tausi. Ana alama ya kuungua kwenye kiwiko cha kushoto, na mtoto wake wa kwanza ni wa kiume. Mkimpata mwambieni Yusta fundi wa Makambako alikuwa mgonjwa kama yeye siku ile, na alijua. Mwambieni dawa ipo. Nauli ya kuja nitatoa mimi, na nitakwenda naye mpaka mlangoni kwa daktari, kama atakubali kutembea na mimi.